Valentine: tukutane tarehe 14

Bwana asifiwe, wapendwa. Baadhi yenu mmeniuliza kando kama Mkristo anaruhusiwa Valentine. Mimi sioni dhambi kwenye ua. Siku yenyewe ina jina la shahidi wa imani wa Roma. Mahaba yaliongezwa karne nyingi baadaye. Na sisi wa Nakuru tusijifanye wageni: maua mengi ya waridi yanayofika Ulaya msimu huu hutoka Naivasha, kwa jasho la ndugu zetu.

Kinachonisumbua ni 1 Wakorintho 13. Tunaisoma harusini kama pambo, ilhali Paulo aliwaandikia waumini waliogombana hadi kushtakiana mahakamani. Upendo "hauhesabu mabaya." Wenye ndoa, hapo ndipo pagumu, keki ni rahisi. Wachumba, anayedai mwili wako kama ushahidi wa pendo hajakupenda, hata akilipa chakula cha hoteli kubwa.

Tarehe 14, saa kumi na moja jioni, ukumbi wa kanisa. Kila mtu abebe chakula kidogo. Wajane na wanaoishi peke yao waje pia. Wenye magari, wapitieni Lanet na Free Area. Thibitisheni hapa mapema, nihesabu viti.