Mfupa umeunga lakini bega bado, naomba ukurasa wa afya uliandike hili

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua farasi sio habari ya kila siku kwa mtu wa Dar lakini nivumilie, maana ninachotaka kusema kinamhusu pia dereva wa bodaboda na yeyote aliyewahi kufungwa mkono shingoni akaambiwa amepona.

Mimi natunza na kufundisha farasi huku Kunduchi, ni kazi yangu miaka 16 sasa. Watu wengi wakisikia farasi wanajua ni mambo ya wazungu wa Masaki, sio kweli, Jeshi la Polisi lenyewe lina kikosi cha mbwa na farasi, na Jumapili ufukweni watoto wetu hawa hawa wanapanga foleni kupandishwa. Ni kweli pwani farasi ni wachache, mbung'o na yale magonjwa yanayoletwa na wadudu wanaouma usiku yamewamaliza toka enzi za mababu, ndo maana sisi tumezoea punda. Ila tuliopo tupo, na tunaanguka kama wapandaji wengine popote.

Mwaka jana mwezi wa saba, saa moja asubuhi hivi, nilikuwa narudi na Tausi, jike la kahawia, mpole, watoto wote wanajifunzia kwake. Tunakatiza njia ya kutoka ufukweni kwenda bandani, upepo wa kusi ukarusha kipande cha turubai kutoka kwenye kibanda cha chipsi, Tausi akaruka pembeni mara moja tu, mimi nikabaki hewani. Niliangukia bega la kushoto na nikasikia kabisa "ka", kama mtu kavunja kijiti cha mshikaki. Kofia ngumu nilikuwa nimevaa na ikapasuka, bora ipasuke yenyewe. (Na hapa niseme kwa wanaopanda, kofia ikishapiga chini namna hiyo usiivae tena hata kama huoni ufa, ndani imeshabonyea.)

Eksrei ikaonyesha mtulinga umevunjika katikati, ule mfupa wa mbele unaotoka juu ya kifua, chini ya koo, kwenda begani, na ndio unaovunjika sana mtu akiangukia bega au mkono ulionyooshwa. Nikafungwa mkono kitambaa shingoni wiki sita. Wiki ya nane nikarudi hospitali, siitaji jina, daktari akaangalia eksrei ya pili akasema mfupa umeunga vizuri endelea na shughuli zako. Dakika tatu hazikufika. Hakuna aliyenishika bega, hakuna aliyeniambia nyanyua mkono tuone unafika wapi, hakuna hata kakaratasi ka mazoezi. Nikatoka pale nimefurahi kweli, nikapanda daladala nimeshikilia bomba la juu kwa mkono wa kulia, na sikushtuka kwamba wa kushoto haunyanyuki kufika huko.

Sasa shida ikaanza nilipopanda tena. Kule Kunduchi maji yakitoka mchanga unakuwa mgumu na umenyooka, tunapita mwendo wa pole kuelekea kaskazini, bahari ipo kulia. Tausi akawa ananipeleka majini. Namrudisha, hatua ishirini tena kaingia majini. Nikasema huyu anataka kujipoza. Tukigeuka kurudi, bahari sasa ipo kushoto, anapanda juu kwenye mchanga mlaini karibu na minazi. Siku ya tatu nilisimama nikaangalia nyayo zake kwenye mchanga uliolowa, kwenda zinapinda kulia, kurudi zinapinda kulia. Angekuwa anataka maji angeyafuata pande zote mbili. Farasi alikuwa anafuata uzito wangu.

Nikamwomba kijana mmoja tunayefanya naye kazi anipige video kwa nyuma. Mhariri, nilipoiona nilikaa kimya muda mrefu. Bega la kushoto limepanda linakaribia sikio na limekuja mbele, mbavu za kushoto zimejikunja, na kwa sababu hiyo makalio yamesukumwa upande wa kulia wa tandiko, nimekaa na uzito wote kulia wakati mimi mwenyewe najisikia nimenyooka kabisa kama mlingoti. Nilipotoa tandiko, manyoya ya mgongoni kwa Tausi upande wa kulia yamelala na kusagika, kushoto safi. Nilimshika pale akatetemesha ngozi. Iliniuma sana hiyo kuliko hata bega, mnyama kabeba maumivu yangu wiki mbili na mimi namlaumu.

Kilichotokea nimekuja kukielewa baadaye. Wiki zile za kitambaa mwili unajifunza kulinda lile bega, unalibana kifuani, misuli ya mbele inakuwa mifupi, ile ya nyuma inayoshika bapa la bega inalegea kwa kukosa kazi, na shingo inaingilia kufanya kazi isiyo yake. Mfupa unaunga, ila ile tabia ya kujilinda inabaki, na haina habari kwamba eksrei ni nzuri.

Basi na mimi nikafanya kile ambacho waalimu wa farasi wote tunakipigia kelele, na mimi nimekipigia kelele miaka yote kwa watoto wa watu, "mabega nyuma, mabega nyuma!" Nikayavuta nyuma kwa nguvu kama askari kwenye gwaride. Jaribu hapo ulipo kaa kwenye kiti uvute mabega nyuma kwa nguvu uone, kiuno kinabonyea ndani, mbavu zinatoka mbele, pumzi inakaa juu kifuani, na viwiko vinakakamaa. Juu ya farasi hayo yote yanashuka kwenye hatamu mpaka kwenye lijamu mdomoni mwake, Tausi akaanza kunyanyua kichwa na kutembea hatua fupi fupi. Na ukichoka baada ya dakika mbili bega linarudi pale pale, maana ulikuwa umelishikilia tu.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja anayeuza samaki, anapita ufukweni kila asubuhi na beseni kichwani. Nilikuwa nimesimama namwangalia anavyotembea kwenye mchanga mbovu ule, beseni limejaa vibua na halitikisiki, mikono yote miwili inaning'inia, mabega yapo chini yametulia, shingo ndefu, chini kiunoni ndo kila kitu kinacheza. Nikamsalimia, shikamoo mama, akasema marahaba mwanangu. Nikamuuliza anafanyaje bega lisichoke. Akanishangaa kidogo, akasema "mwanangu ukikaza mabega beseni linamwagika, beseni linabebwa na kiuno." Akaendelea zake.

Nikaenda nikakaa juu ya Tausi bila kumwondoa pale tulipo, nikaacha habari ya mabega kabisa. Nikaitafuta mifupa miwili ya kukalia, ile unayoisikia ukikaa kwenye benchi la mbao, nikahakikisha yote miwili imegusa tandiko sawa sawa. Nikashusha pumzi mpaka tumboni. Nikawaza nina beseni kichwani. Na mabega yakashuka yenyewe, la kushoto kwa shida lakini likashuka. Tulitembea hatua kama mia hivi na nyayo zilikuwa zimenyooka, nilishuka kuziangalia.

Ila nisidanganye, beseni peke yake halikutosha, bega lilikuwa dhaifu kweli kweli na wiki iliyofuata ndio nikatafuta mtaalamu wa fiziotherapia kwa hela yangu. Yule dada alinishika bega dakika kumi kabla hajasema neno. Akanipa mambo matatu tu, kuinama na kuuning'iniza mkono uzunguke taratibu kama ndoo inavyozunguka kisimani, kutambaza vidole ukutani kupanda juu na kuweka alama ya kalamu pale vilipofika, na kuvuta mpira kuelekea kiunoni viwiko vikiwa karibu na mbavu. Mpira wenyewe nilikata tyubu ya baiskeli nikafunga kwenye nguzo ya banda, mara kumi, napumzika, raundi tatu, asubuhi na jioni. Ile alama ya kalamu ukutani ilikuwa inapanda kidole kimoja kwa wiki, kuna wiki haikupanda kabisa. Akaniambia pia maumivu ya kuvuta vuta ni ya kawaida ila ukisikia kama umechomwa, au mkono unakufa ganzi, acha hapo hapo rudi uonwe. Kwa hiyo msomaji usichukue haya mazoezi kwenye barua yangu ukaanza nayo leo, tafuta kwanza wa kukushika bega, kila mtu kavunjika kivyake.

Kwenye farasi pia kuna vitu nilivibadilisha ambavyo sikuwahi kuambiwa na mtu. Sisi tunapanda kwa upande wa kushoto, mkono wa kushoto unashika manyoya ya shingo na hatamu halafu unajivuta juu, yaani mtu mwenye mtulinga wa kushoto anaanza safari kwa kulivuta lile lile bega bovu kwa uzito wa mwili mzima. Nikaweka kreti la mbao la kupandia, sijivuti tena, na hata farasi mgongo wake unapumua. Ndoo za maji nazo, farasi mmoja kwa joto letu anakunywa lita 30, 40 kwa siku, ukizibeba zote kwa mkono mzima ili kuhurumia mbovu unazidi kupinda, nikaanza kubeba nusu nusu pande zote mbili. Na wiki tatu za mwanzo za yale mazoezi sikushika hatamu kabisa, mwenzangu anasimama katikati na kamba ndefu anamzungusha Tausi mwendo wa pole, mimi mikono ipo mapajani, dakika 20 basi, nashuka kabla sijachoka, maana uchovu ukiingia bega linapanda bila kukuaga.

Wanafunzi wangu huwa nawaambia habari za mama mmoja wa Denmark, Lis Hartel, alipata polio mwaka 1944 akiwa mjamzito, miguu chini ya magoti ikabaki haina nguvu, ikawa lazima asaidiwe kupanda na kushuka. Mwaka 1952 Olimpiki ya Helsinki, ndo mara ya kwanza wanawake wanaruhusiwa kwenye mashindano yale ya kumwongoza farasi kwa madaha, akachukua medali ya fedha akishindana na wanaume, na 1956 akachukua fedha tena. Miguu ambayo sisi wote tunaitegemea yeye hakuwa nayo, akamfundisha farasi kusikiliza mgongo na uzito wake. Mimi nilikuwa naisimulia hii kama hadithi ya ushujaa tu, sasa hivi nikiisimulia nafikiria ile miaka nane katikati, jinsi alivyokaa kila siku anaupanga mwili wake upya kidogo kidogo.

Ninachoomba Mhariri ni hiki. Ukurasa wenu wa afya unaandika sana kisukari na presha na ni vizuri, naomba siku moja mwandishi wenu akae na wataalamu wa fiziotherapia waeleze kwa Kiswahili chepesi, na kwa picha, nini kinatakiwa kifuate baada ya daktari kusema mfupa umeunga. Hapa Dar bodaboda wangapi wanaangukia bega, wakifunguliwa kitambaa wanarudi barabarani siku hiyo hiyo. Nina jirani yangu Tegeta, kijana mdogo, alivunjika mtulinga mwezi wa tatu, nikimwona kwenye pikipiki yake kwa nyuma naona ile ile video yangu, bega juu, kiuno kimepinda, na analalamika kichwa kinamuuma kila jioni, anameza panado. Na madaktari wetu, najua foleni ni ndefu na nyie ni wachache, lakini ile karatasi moja ya mazoezi, au hata kumwambia mgonjwa tu "ukitoka hapa nenda chumba kile wakuonyeshe", ingeniokolea miezi mitatu na mgongo wa Tausi.

Waalimu wenzangu wa farasi nao, mwanafunzi akirudi baada ya kuumia msimpigie kelele ya mabega. Mpigeni video kwa nyuma, angalieni manyoya chini ya tandiko, angalieni nyayo. Mimi bega langu leo linafika pale kwenye alama ya juu kabisa ukutani, bado kuna asubuhi za baridi linakaza, na siku hizo siendi mbio, natembea tu na Tausi mpaka lilegee.

Yule kijana wa Tegeta nimempa kipande cha tyubu iliyobaki na namba ya yule dada wa fiziotherapia, amesema ataenda Jumatatu.

Ni mimi msomaji wenu,
Mfundisha farasi,
Kunduchi, Dar es Salaam