Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Sauti, Sikio na Muda

Ndugu wanachama, wazee wetu, walimu, na vijana mliotoka Kaole, Magomeni na Dunda: Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na heri kwenu nyote.

Kabla ya jambo lingine lolote, nafuta kauli. Katika mkutano wa mwaka jana nilisimama mbele yenu nikasema jaribio letu limeonyesha kwamba ngoma nene hurefusha muda, yaani mlio wa vumi, ile ngoma kubwa yenye sauti nene, husikika umedumu zaidi ya mlio wa chapuo, ngoma ndogo yenye sauti nyembamba, hata kama yote miwili imekatwa kwa urefu mmoja. Wapo waliokwenda kuyarudia maneno hayo kwa wanafunzi wao na kwa wageni. Kauli ile haikuwa na msingi. Kosa lilikuwa katika maandalizi, na maandalizi niliyasimamia mimi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu kosa hilo na kazi ya kulirekebisha, kwa sababu ndiyo kazi tuliyoifanya mwaka mzima.

Mtakumbuka tulivyofanya. Tulirekodi vumi na chapuo, tukapiga milio kwenye spika, tukaisawazisha kwa programu ya simu inayosoma desibeli. Namba zilipolingana tukaamini sauti zimelingana. Lakini desibeli hupima msukumo wa hewa. Ukubwa wa sauti anaousikia mtu ni kazi ya sikio na ubongo wake, na mambo hayo mawili hayaendi sambamba. Watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walilionyesha hilo tangu 1933, na kiwango cha kimataifa cha namna sikio linavyosikia ukubwa wa sauti kinachotumika leo, ISO 226, kimerekebishwa mara ya mwisho 2023. Mlio mnene wa hertz 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, unahitaji zaidi ya desibeli 60 ili sikio liuone sawa na mlio wa hertz 1,000 wenye desibeli 40 tu.

Programu za simu kwa kawaida husoma kwa mizani iitwayo A, ambayo inajaribu kumwiga msikilizaji kwa kupunguza milio minene: kwenye hertz 100 hukata kama desibeli 19. Mizani hiyo ilitokana na namna sikio linavyosikia sauti ndogo. Sisi tulipiga kwa sauti kubwa, na sauti ikishakuwa kubwa sikio haliidharau tena milio minene kwa kiasi kile. Basi tulipolipandisha vumi mpaka simu isome sawa na chapuo, tulipitiliza. Maikrofoni ndogo za simu nazo huipokea hafifu milio ya chini, tukazidi kupandisha. Vumi lilitoka kubwa, chapuo likatoka dogo, nasi tukaandika kwamba zimelingana.

Kwa nini hilo liharibu jaribio la muda? Kwa sababu watafiti wameona mara nyingi kwamba sauti kubwa huhesabiwa kuwa imedumu zaidi kuliko sauti ndogo ya muda uleule. Maelezo mojawapo hutumia mfano wa saa ya ndani, aliouandika Michel Treisman 1963: kitu ndani yetu kinatoa midundo, ubongo unaihesabu, na mtu akichangamshwa midundo inakwenda mbio, hivyo inahesabika mingi kwa kipindi kilekile. Kwa hiyo tulichokipima mwaka jana huenda hakikuwa unene wa vumi hata kidogo. Huenda kilikuwa kitufe cha sauti.

Na ngoma ina shida yake ya ziada ambayo kila mpigaji hapa anaijua kwa mkono. Pigo la ngoma halikatiki, linafifia. Linamezwa polepole na kelele ya mahali: upepo, feni, bodaboda inayopita. Ukilipiga kwa nguvu, mkia wake unachelewa kumezwa, na msikilizaji atasema limedumu kwa sababu kweli amelisikia kwa muda mrefu zaidi. Tena sauti inayofifia husikika fupi kuliko sauti inayokua, hata zikiwa na urefu mmoja. Ndiyo maana kamati iliamua tuziweke ngoma pembeni kwanza na kutengeneza milio mitupu kwa kompyuta, mwembamba wa hertz 1,000 na mnene wa hertz 100, kila mmoja ukianza na kuisha polepole, kwa mteremko wa milisekunde 10, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde, ili usitoe mlio wa “tk” mwanzoni na mwishoni. Najua uamuzi huu umewaudhi baadhi ya wapigaji. Naomba wavumilie. Ngoma zitarudi.

Tukauhama pia ukumbi tuliotumia mwaka jana. Mwanachama mmoja alitupa chumba cha nyuma cha nyumba ya familia yake Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, kuta nene za mawe ya matumbawe, mlango mzito, dirisha moja dogo. Tunamshukuru sana. Mazingira ya jaribio si jambo la starehe: William Matthews, Neil Stewart na John Wearden walionyesha 2011 kwamba mahali penye kelele nyingi mambo hugeuka, na sauti ndogo ndiyo inayohesabiwa kuwa imedumu. Ukumbini tulikuwa na jenereta siku moja na siku nyingine hatuna. Nikifikiria hilo sasa naona ni heri hata tusingelijumlisha majibu ya siku zile. Chumba cha sasa kina paa la mabati, kwa hiyo mvua za masika zilitusimamisha wiki nyingi, na sikuona sababu ya kulazimisha.

Jambo lililonifundisha zaidi mwaka huu lilihusu lugha yetu. Karatasi ya maswali ya mwaka jana iliuliza, “Sauti ipi ni kubwa zaidi?” na mahali pengine, “Ipi iko juu?” Mzee wetu mmoja, mpigaji wa vumi tangu ujana wake, alijibu “ile nene” kila mara, hata tulipoipunguza mpaka ikawa inanong’ona. Nilipomuuliza akaniambia, “Mwanangu, vumi ndiyo ngoma kubwa. Umeuliza ipi kubwa.” Alikuwa sahihi. Kwetu, sauti kubwa yaweza kuwa iliyopazwa, au sauti nene ya besi. Sauti ya juu yaweza kuwa ya mtu anayepiga kelele, au sauti nyembamba ya kwanza ya kwaya. Hata “sauti ndefu” wengine waliielewa kuwa ni ile inayofika mbali. Swali moja lilikuwa linauliza mambo matatu, na kila mtu akajibu lake. Sasa tunauliza, “Ipi imesikika kwa nguvu zaidi?” na “Ipi imedumu zaidi?”, na tunaanza kwa mfano wa kupiga makofi ili kila mtu aone tofauti kabla hajavaa hedifoni.

Kulinganisha kwenyewe tunakufanya hivi. Msikilizaji anasikia mlio mwembamba ambao haubadiliki, kisha mnene, na mkononi ana kitufe cha kuupandisha au kuushusha ule mnene mpaka zilingane. Tunaanza mara nyingine kutoka juu sana, mara nyingine kutoka chini sana, kwa sababu anayeanzia chini huridhika mapema na anayeanzia juu naye vilevile, tunachukua wastani. Nilikaa na mzee yule jioni moja. Alifumba macho, akageuza kitufe kidogo kidogo, akakirudisha, akakipeleka tena, kidole gumba kikipiga paja kama anayetafuta mahali pa kuingia kwenye ngoma. Kisha akaacha kabisa kupumua, ikapita milio miwili, akasema, “Hapo. Hakuna mwenye kumzidi mwenzake.” Niliandika namba yake. Kijana aliyemfuata aliweka namba tofauti kabisa. ISO 226 imejengwa juu ya masikio yenye afya ya watu wa miaka 18 hadi 25, na wengi wetu umri huo tumeupita, wengine wamepigia ngoma miaka 40. Ndiyo maana kila mshiriki atalinganishiwa sauti kwa sikio lake mwenyewe, na hatutatumia jedwali la jumla.

Bado kuna mtego mmoja. Kwa milio mifupi, hadi karibu milisekunde 200, mlio unavyorefuka ndivyo unavyosikika kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mtu anayeulizwa kati ya milisekunde 60 na 120 ipi imedumu anaweza kujibu sahihi bila kusikiliza muda hata kidogo. Anafuata iliyo na nguvu. Kuna njia mbili za kujikinga: kulinganisha upya kwa kila urefu wa mlio, au kupandisha na kushusha sauti kwa bahati nasibu kila zamu ili anayefuata nguvu apotee. Kamati imechagua ya pili kwa milio mifupi, na milio yote ya jaribio kuu itazidi nusu sekunde. Mimi binafsi ningependa tufanye zote mbili, ila muda wa wanachama una kikomo.

Mambo ya fedha atayasoma mweka hazina. Michango ilitosha kununua hedifoni mbili na kipimo cha sauti chenye kirekebishi chake, na simu hatutazitumia tena kupimia.

Jaribio kuu litaanza masika yakiisha, Jumanne na Alhamisi saa mbili usiku, baada ya sala ya Isha. Sauti haitazidi desibeli 80, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakikubali hadi saa 40 kwa wiki, na kila kikao ni nusu saa tu. Anayekuja asipige wala kukaa karibu na ngoma mchana wa siku hiyo, maana sikio lililotoka kwenye kelele husikia pungufu kwa saa kadhaa. Majina yaandikwe kwa katibu leo kabla hatujatawanyika. Nahitaji hasa wazee wa vumi, na wale waliokubaliana nami mwaka jana.