Dada, ile sahani ya bibi ninayo

Dada'angu, simu zangu hupokei ila huku unapita kusoma, mtoto wa mamdogo kanambia, basi soma na hili.

Sahani ya kombe ninayo. Siku ya arubaini ya bibi ilivyoanguka ukaja na fagio, nilivyoona mie hata kuinama hukuinama, ukazoa vigae ukamwaga kwenye pipa juu ya maganda ya ndizi, watu wanaangalia, ukasema chombo kilichovunjika nuksi. Sahani bibi aliyotuandikia kwa zafarani kila tukiumwa, akaisuuza kwa marashi tukanywa, leo nuksi? Lile fagio silisahau wallahi.

Usiku nikachakura pipa. Vigae 11, nikaviunga kwa gundi ya epoksi, ila ukingoni pengo la vidole viwili, kigae chake hakipo. Kuna kijana ana printa ya 3D akanifunza, unaipiga sahani picha kuizunguka, nilipiga zaidi ya 80, programu inaziunga inakupa umbo lake kwenye kompyuta. Mara ya kwanza uchafu mtupu, kauri inang'aa mno, mpaka nikaipaka poda ya mtoto (bibi na poda zake, ungecheka). Halafu ukingo wa upande mzima unaunakili, unaujazia pengo. Kikatoka cha plastiki, nikakipiga msasa, maua ya buluu nikachora mwenyewe, yamepinda kidogo.

Kulia chakula humo basi tena, plastiki ile nyuzi joto 60 tu inalegea. Itakaa ukutani. Makaburi ya kale pale Kunduchi, Dar, yalipachikwa sahani za Kichina na hakuna aliyewaambia wale wazee nuksi.

Mie mdogo wako lakini nakushauri, usiwe mwepesi wa kutupa. Uko Maskati miaka yote, hela ulituma na zilifika, sikatai, ila wa kumgeuza bibi kitandani usiku nlikuwa mie, na hiyo sahani kama niliiweka pembeni ya meza nilikuwa sijalala siku mbili, vyombo vya watu wote naosha peke yangu, sasa mtu aniulize nini?

Huyo huyo mtoto wa mamdogo anasema kwenye kabati lako la vioo kuna kigae cheupe kina ua la buluu.

Kile cha plastiki sijakigandisha. Nimekiegesha tu.