Shangazi, sita kwa sita itanitolea cherehani nje

Shangazi, shikamoo.

Mimi na mume wangu tumepanga chumba kimoja Mbagala, kwenye nyumba ya korido yenye wapangaji wengine watano. Chumba ni futi 10 kwa 10. Ndani mna kabati la nguo, kabati dogo la vyombo, jiko la gesi na mtungi wake, feni ya kusimama, na cherehani yangu ya miguu karibu na dirisha. Hiyo cherehani ndiyo inayolipa nusu ya kodi.

Mpaka sasa tunalala kwenye nne kwa sita, kitanda alichokuwa nacho mume wangu tangu enzi za ubachela. Kwa tumbo hili la miezi saba kimeshatushinda. Mmoja akigeuka, mwingine lazima aamke, na wa ukutani akitaka kwenda choo cha nje usiku anamruka mwenzake. Kwamba kitanda kiondoke, hilo tumekubaliana. Ugomvi ni kije kipi. Mimi nasema tano kwa sita. Yeye anasema sita kwa sita, basi.

Nilichukua futi kamba yangu nikachora sakafuni kwa chaki. Godoro ni futi 6, lakini mbao za pembeni zinaongeza karibu inchi 2 kila upande, kwa hiyo kitanda kinakula futi 6 na inchi 4. Hapo zinabaki futi 3 na inchi 8. Kabati la nguo lina kina cha futi 2. Hata kitanda kikibanwa ukutani, njia inayobaki kati ya kabati na kitanda ni inchi 20, na mlango wa kabati wenyewe una upana wa inchi 18. Nikishaufungua mimi nasimama wapi? Juu ya kitanda? Cherehani nayo, nikivuta kiti nikae, mgongo unagonga ubao wa kitanda. Korido baba mwenye nyumba hataki kuona hata ndoo, sembuse cherehani. Tano kwa sita inanirudishia futi nzima. Kwenye chumba kama hiki futi moja ni mtaji, Shangazi.

Mume wangu ana hoja zake, na nyingine si za kupuuza. Joto la Dar unalijua, hasa Februari na Machi, watu wawili na tumbo chini ya bati. Halafu tuna kiwanja Kisemvule, na yeye anasema kitanda cha mbao ya mninga hakitengenezwi kwa ajili ya chumba cha kupanga, kinatengenezwa kwa ajili ya nyumba yako. Sawa. Ila kiwanja bado ni mihogo na vigingi vinne, na mtoto hatasubiri tupandishe ukuta.

Hoja ambayo siikubali kabisa ni ya urefu. Ana futi 6 na inchi 2, anadai miguu inaning'inia. Lakini nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita, zote urefu ni ule ule futi 6! Kinachoongezeka ni upana. Labda awe analala mshazari kutoka pembe hadi pembe, na hapo mimi na mtoto tutahamia sakafuni. Nimemwambia tumwombe fundi asiweke ubao wa miguuni, apate pa kupitishia nyayo zake. Amenuna.

Kumbe hayo yote yangezungumzika, kama si wifi. Dada yake mkubwa ametuletea zawadi ya godoro la sponji, sita kwa sita, inchi 8, limeegemea ukutani na nailoni yake. Ametoa kwa moyo mweupe, na sisi hatuna cha kumlipa. Kusema "wifi, ahsante, lakini ni kubwa" mdomo wangu haujaweza. Mume wangu ndiyo amepata kisingizio: godoro tunalo, kwa nini tununue jingine?

Mama yangu ameshauri tumezee, chini ya kitanda tuweke masanduku ya nguo, kabati liuzwe. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame, lakini kwa tumbo hili naomba wanisamehe. Kusukuma kitanda mpaka ukutani nako sitaki. Ukuta wa upande ule unatoa unyevu masika yote, na tutarudi kwenye kurukana usiku.

Naomba wewe na wasomaji wenye ujuzi mnisaidie. Godoro la springi najua halikatwi, lakini hili la sponji, likipunguzwa futi moja pembeni linabaki imara, au upande uliokatwa utabonyea mtu akikaa? Kitambaa chake nitakishona mwenyewe. Fundi mmoja anasema kile kipande cha futi 1 kwa 6 akikikata katikati na kuunganisha ubavu kwa ubavu, anapata godoro la mtoto la 2 kwa 3. Ni kweli, au ananitafutia kazi? Au tujaribu kwanza kulirudisha dukani wabadilishe na tuongezewe mito, maadamu nailoni haijachanwa? Na kwa vyovyote vile, nani amwambie wifi, mimi au kaka yake, na aanzie wapi?

Fundi wa Keko anataka advansi Jumamosi ijayo ili aanze kupasua mbao. Mume wangu huwa anausoma ukurasa wako, kwa hiyo ukinijibu usinitetee waziwazi sana, ataona nimekwenda kumshtaki.

Mwanao,
Fundi Cherehani, Mbagala