Risala ya Wanamuziki wa Kielektroniki wa Ridhaa kwa Mgeni Rasmi, Katika Uzinduzi wa Mkusanyiko wa Nyimbo za Wanachama

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mlezi na viongozi wa kikundi,
Wanachama wenzetu na wageni waalikwa,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuukubali mwaliko wetu na kuja kuzindua mkusanyiko wa nyimbo ambazo wanachama wa kikundi hiki wamezitunga, wakazirekodi na kuzichanganya wenyewe, yaani kuzisawazisha sauti za ala zote ziwe wimbo mmoja. Kwa kuwa mwishoni mwa risala hii tutakuwa na ombi, tumeona ni haki kwanza ufahamu kazi yenyewe inavyofanyika, maana wapo wanaodhani kwamba katika muziki wa kielektroniki mtu hubonyeza kitufe kimoja na kompyuta ikamaliza yaliyobaki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hakuna hata mmoja wetu anayeishi kwa muziki. Yumo muuguzi, yumo mwalimu wa hisabati, yumo fundi umeme, wamo wanafunzi, na yumo mstaafu ambaye midundo yake ina kasi kuliko ya vijana wote. Uridhaa huo hatuuonei haya, kwa sababu muziki huu tangu mwanzo umebebwa na watu wa namna yetu. Mwaka 1944, mjini Cairo, Halim El-Dabh, kijana aliyesomea kilimo, aliazima mashine ya kurekodia kwenye waya, akarekodi sauti za sherehe ya zaar, yaani ya kuwatuliza pepo, kisha akazichakata mpaka zikawa kitu kipya kabisa. Mashine ya midundo ya TR-808, ambayo kampuni ya Roland iliitoa mwaka 1980, ilisimamishwa utengenezaji wake mwaka 1983, na wanamuziki wasio na fedha nyingi wakazipata kuukuu kwa bei nafuu. Leo sauti ya kiki yake, yaani ngoma yake nzito ya chini, inasikika katika muziki wa kila bara.

Kila wimbo uliomo katika mkusanyiko huu ulianza na mtu mmoja, kompyuta moja na programu ya kutungia muziki, nyingine zikiwa za bure. Hatua hiyo ya kwanza haina mengi ya kuelezwa. Mtunzi hupanga midundo, huchagua sauti kutoka kwenye sintesaiza, hurekodi kinanda au sauti ya mtu, na hatimaye hupata kitu anachokipenda. Ugumu huanzia pale anapotaka mtu mwingine naye akisikie kama anavyokisikia yeye.

Kwa sababu hiyo tumejiwekea kanuni moja ambayo haina msamaha: hakuna mtunzi anayeuchanganya wimbo wake peke yake hadi mwisho. Mtu aliyeusikiliza wimbo wake usiku kucha hausikii tena, bali anaukumbuka. Anajua kwamba kuna filimbi katika kiitikio, kwa hiyo anaisikia hata kama imezama kabisa chini ya ngoma. Mwenzake, ambaye hakuwahi kuambiwa habari za filimbi hiyo, atauliza tu kwa nini kiitikio kimejaa kelele. Mchanganyaji hupokea kila ala katika faili lake, kiki peke yake na besi peke yake, na maoni anayoyatoa lazima yataje dakika na sekunde. Maoni ya kwamba wimbo ni mzuri tunayapokea kwa shukrani, lakini hayahesabiwi.

Tunaomba kutoa mfano wa wimbo wa tatu, ambao utausikia muda mfupi ujao. Kiki yake ilikuwa na nguvu nyingi karibu na masafa ya Hertz 55, yaani mitetemo 55 kwa sekunde, na besi yake ilikuwa ikirudi kila mara kwenye noti ya A ya chini, ambayo mtetemo wake ni Hertz 55 barabara. Sauti hizo mbili zikawa zinagombania mahali pamoja. Mtunzi alipandisha kiki, akaona besi imepotea. Akapandisha besi, kiki ikafifia. Na kila alipopandisha, spika zilizidi kunguruma bila kusema kitu. Mchanganyaji hakupandisha chochote. Aliweka kompresa, yaani kifaa cha kupunguza sauti inapozidi, kwenye besi na kuiamuru iisikilize kiki, ili kila kiki inapopiga, besi ipungue kwa muda wa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha irudi mahali pake. Sikio halitambui kwamba besi imeondoka. Linachotambua ni kwamba kiki sasa inapiga kifuani.

Hata hivyo kazi haikuishia hapo, kwa sababu wimbo huo huo ulipochezwa kwenye simu, besi haikusikika kabisa. Spika ya simu ni ndogo mno kuweza kuutoa mtetemo wa Hertz 55. Mchanganyaji aliongeza ukwaruzo kidogo kwenye besi, na ukwaruzo huo ukazalisha masafa ya juu yaliyo zao la noti ile ile, yaani 110, 165, 220 na kuendelea. Ubongo wa binadamu ukiyasikia hayo ya juu kwa pamoja huijaza wenyewe noti ya chini isiyokuwepo. Msikilizaji wa simu anasikia besi ambayo simu yake haiitoi, na sisi tunakiri kwamba hii ndiyo hila tunayoipenda kuliko zote.

Wimbo mwingine ulikuwa na sauti pana ya sintesaiza iliyoijaza hedifoni kulia na kushoto, lakini ulipochezwa kwenye spika moja, sauti hiyo ilitoweka. Upana wake ulitokana na kugeuza wimbi la upande mmoja, na mawimbi mawili yaliyo kinyume yakijumlishwa hufutana. Tangu hapo kila wimbo husikilizwa pia katika chaneli moja kabla haujapokelewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo lililoleta mjadala mkali kuliko yote lilikuwa ukubwa wa sauti. Katika mkusanyiko wa watu wengi kila mmoja angependa wimbo wake usikike kwa nguvu kuliko uliotangulia, na sikio lenyewe humpa sababu, kwani ukiisikiliza miksi ile ile mara mbili, ya pili ikiwa imepandishwa kwa desibeli moja tu, utaapa kwamba ya pili ni bora. Ndiyo maana tunapolinganisha matoleo mawili ya wimbo tunayasawazisha kwanza, na anayesikiliza haambiwi lipi ni lipi. Tumeutumia mtindo wa kipimo uliotolewa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, mwaka 2006, ambao hupima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, na matokeo yake husomwa kwa kizio kiitwacho LUFS, ambacho namba yake hasi ikikaribia sifuri sauti ni kubwa zaidi. Majukwaa kadhaa makubwa ya kusikilizia muziki huurudisha chini wimbo wowote unaozidi takribani LUFS -14. Kwa hiyo aliyeubana wimbo wake kwa limita, kifaa kinachozuia sauti isipite kiwango fulani, mpaka ngoma zikakosa pumzi hapati ushindi wowote: jukwaa litamshusha hadi walipo wenzake, naye atabaki na ngoma zilizobanwa. Tulikubaliana kwamba kila wimbo uletwe bila limita, katika faili la biti 24, vilele vyake visizidi desibeli -6, yaani desibeli sita chini ya kikomo cha faili, na hatua ya mwisho ya kuzioanisha nyimbo zote ikafanywa na mtu mmoja ambaye hakuwa na wimbo wake katika mkusanyiko. Kumpata mtu huyo hakukuwa rahisi.

Mpangilio wa nyimbo ulifuata kasi ya midundo, kuanzia zile za polepole hadi zile za mstaafu wetu.

Kuhusu haki za watunzi, tumekuwa wakali zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Imeenea imani kwamba kipande cha sekunde mbili kutoka katika wimbo wa mtu mwingine ni halali kukitumia kwa sababu ni kifupi. Imani hiyo haina msingi wa kutegemea. Kipande hicho kinaweza kugusa haki mbili kwa pamoja, ya aliyetunga na ya anayemiliki rekodi, na wenye haki hizo mara nyingi ni watu tofauti. Kila mwanachama alitakiwa kuandika asili ya kila sampuli, yaani kipande cha sauti iliyokwisha kurekodiwa, aliyoitumia, na nyimbo ambazo asili ya sampuli zake haikujulikana ziliachwa nje, pamoja na moja ambayo sote tuliipenda. Nyimbo zilizobaki zinatolewa kwa leseni ya Creative Commons inayoruhusu kunakili na kugawa kwa sharti la kumtaja mtunzi na bila kufanya biashara, huku mtunzi akibaki mwenye mali yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunafika kwenye shida yetu. Kanuni ya kusikilizana tuliyoieleza inahitaji mahali pa kusikilizia, nasi hatuna. Kila mmoja anachanganya chumbani kwake, na chumba kidogo ni shahidi asiyeaminika. Chumba chenye urefu wa mita 3.4 hujenga wimbi lisilosogea karibu na Hertz 50: ukikaa karibu na ukuta besi inavimba, ukisogea katikati inakaribia kuzimika, hali wimbo ni ule ule. Mchanganyaji aliyekaa katikati ataongeza besi, na aliyekaa ukutani ataipunguza, na wote wawili watakuwa wameamini masikio yao. Hedifoni zimetusaidia, lakini nazo hazifanani, na anayezitumia usiku kucha huelekea kupandisha sauti bila kujua. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri mtu asizidishe saa nane kwa siku katika sauti ya desibeli 85, na kila desibeli tatu zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu. Wapo wenzetu ambao huanza kusikia mlio masikioni kabla ya kumaliza wimbo.

Tunaomba, kwa unyenyekevu, utusaidie kupata chumba kimoja cha kudumu ambacho kuta zake zitawekwa vifaa vinene vya kufyonza sauti, hasa kwenye kona ambako besi hujikusanya, pamoja na spika mbili za studio. Tukilazimika kuchagua, tunaomba chumba kwanza, kwa kuwa spika ya gharama kubwa ndani ya chumba kibaya itatuonyesha kasoro za chumba kwa ufasaha zaidi. Tunaomba pia mwanasheria wa kuipitia fomu yetu ya makubaliano kati ya mtunzi, mchanganyaji na kikundi, kwa sababu bado haijasema waziwazi mchanganyaji ana haki gani juu ya kazi aliyoifanya, na nyimbo za mkusanyiko ujao zimekwisha kuanza kuletwa.

Baada ya risala hii tunakuomba uuzindue mkusanyiko kwa kuucheza wimbo wa kwanza. Nakala yako tumeiweka mezani pamoja na orodha ya watunzi na wachanganyaji wa kila wimbo.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala imesomwa na Katibu kwa niaba ya wanachama wote.