YAH: MALALAMIKO KUHUSU MBEGU YA DUME AMBAYO SIKUIAGIZA

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu. Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo sikuipata ofisini kwenu.

Niliagiza mbegu ya Jersey, ng'ombe wa maziwa mwenye ndama wadogo. Mtamba wangu Tausi, Friesian wa uzazi wa kwanza, akapandikizwa Charolais, ng'ombe wa nyama mwenye ndama wakubwa. Uzito wa kosa hilo mnaujua, maana katalogi yenu inaonyesha kwa kila dume alama ya wepesi wa kuzaa, na ndiyo niliyoifuata nilipochagua.

Nianze na Jumatatu ile. Nilifika dirishani na mrija mtupu uliobeba mbegu ile, niliouhifadhi kwenye daftari langu la uzalishaji, pamoja na bahasha yenye nywele za mkia wa ndama, zilizong'olewa na mizizi yake kwa ajili ya kipimo cha vinasaba. Afisa wenu akauchukua mrija, akauinua kwenye mwanga, akausoma. Nilimwona akisoma, midomo inacheza. Kisha akautupa kwenye pipa la taka na kuniambia mbele ya wateja: “Wewe mama, ng'ombe wako kapandwa na dume la jirani. Usituletee habari za zizini kwako.” Watu wakacheka.

Dume la jirani! Tausi hajawahi kutoka bandani. Alizaa siku ya 286 tangu tarehe iliyo kwenye kadi yenu wenyewe, na mimba ya Charolais huchukua siku nyingi kuliko ya Jersey. Ndama alikuwa na rangi ya majivu. Friesian mweusi na Jersey hawatoi rangi hiyo. Charolais ndiye anayeufifisha weusi wa mama ukawa kijivu. Kwamba ndama alikuwa dume silalamikii, hata mbegu zilizochambuliwa ili zitoe majike hutoa dume takriban mara moja katika kumi.

Daktari alivuta kwa kamba zaidi ya saa mbili. Ndama alitoka amekufa. Tausi hakusimama tena, mishipa ya fahamu ya nyonga ilikuwa imeumia. Siku nne nilimgeuza ubavu usiku na mchana, nikamnywesha kwa ndoo, huku kiwele kimejaa dang'a lisilo na wa kulinyonya. Siku ya tano daktari akasema achinjwe.

Bibi na mama yake Tausi niliwapima maziwa asubuhi na jioni, nikaandika, nikabakiza wazuri. Wingi wa maziwa hurithiwa kwa kiasi cha robo hivi, sehemu kubwa iliyobaki ni malisho na matunzo, kwa hiyo uzao haubadiliki kwa mwaka mmoja wala miwili. Nusu ya vinasaba vya ndama hutoka kwa dume. Nusu hiyo ndiyo ninayoinunua kwenu, na kwenu imepotelea pamoja na vizazi vitatu vya kazi yangu.

Narudi dirishani, maana sijamaliza. Mrija ule uliandikwa CH, yaani Charolais, mahali palipopaswa kuwa JE, yaani Jersey. Maandishi ni madogo mno, na mhimilishaji wenu hakuyasoma. Aliuchomoa kwenye mtungi wa kugandishia mbegu, akauyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, akapandikiza, akaondoka. Lakini afisa aliyasoma! Aliyasoma, akajua, ndipo akautupa. “Wewe mama” alilitamka bila kunitazama, huku akipangusa vidole kana kwamba ameshika uchafu. Mimi niliye na umri wa kumzaa nikainama mbele ya watu wale wale, nikatia mkono pipani, nikautoa mrija wangu kati ya karatasi zilizolowa chai. Safari hiyo hakuna aliyecheka. Mrija ninao, na bahasha ninayo.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai gharama za daktari na kuombwa radhi. Nimefika hapa naona hayo hayatoshi. Nataka mtamba wa Friesian mwenye mimba, aje na kumbukumbu za maziwa za mama yake na bibi yake. Nataka kipimo cha vinasaba mkilipie ninyi, kwenye maabara nitakayoichagua mimi. Afisa aniombe radhi dirishani pale pale, wateja wakiwepo. Tena mkague mtungi ule leo, mrija kwa mrija, na muwaarifu wote waliohudumiwa kutoka humo baada yangu, kabla mitamba yao haijafikisha siku za kuzaa. Kwa hili la mwisho sitoi hata siku moja ya kusubiri. Yapo mabanda ambako mtamba amelala sasa hivi na ndama asiyeweza kupita, na mwenyewe hajui.

Mengine nawapa siku 14. Zikipita, mrija na nywele zitafika kwa mamlaka ya mifugo, kisha mahakamani, na nakala ya barua hii itasomwa kwenye mkutano wa wafugaji wenzangu, ambao wengi wao wananunua kwenu.

Nasubiri jibu la maandishi, lenye saini yako mwenyewe.

Wako,
Mfugaji na mteja wenu