Barua ya wazi kwa wazee wenzangu: wosia wa maandishi haufutwi kilabuni

Wazee wenzangu wa Mtumba, Ihumwa na Hombolo, hapa Dodoma, mbukwenyi!

Naandika nikiwa na hasira. Juzi tumeanua matanga ya mwenzetu, na turubai halijashushwa wanawe wameshikana mashati. Marehemu aliacha wosia wa maandishi, mashahidi wakasaini. Baadaye akakosana na mwanawe wa kwanza. Akasimama kilabuni, kopo la pombe mkononi, akatangaza: "Yule simpi hata mche mmoja wa zabibu!" Akachana karatasi, watu wakashangilia. Kumbe alichana nakala kivuli! Wosia halisi ulikuwa kwenye bahasha, chini ya godoro. Sasa nusu ya ukoo inashika bahasha, nusu inashika maneno ya kilabuni, na zabibu hazina wa kuzipogoa.

Nani alitudanganya kwamba sauti ya mzee ni muhuri? Kanuni za mila za 1963, Tangazo la Serikali Na. 436, zinasema wosia wa maandishi haufutwi kwa wosia wa mdomo. Umebadili nia? Andika mwingine, weka tarehe, taja kwamba wa zamani umeufuta, na uite mashahidi upya, wa ukoo na wasio wa ukoo. Pombe ikae pembeni siku hiyo.

Kwa ambao mirathi yao inafuata sheria ya serikali, si mila wala dini: ndoa mpya hufuta wosia uliotangulia. Kuchana au kuchoma hufuta pia, mradi ufanye mwenyewe, au mwingine afanye mbele yako kwa agizo lako, kwa nia ya kufuta. Mtoto akiuchoma kwa siri hajafuta kitu. Na kuufuta wa pili hakuurudishi wa kwanza. Mpaka uusaini tena mbele ya mashahidi, au uandike nyongeza ya kuurudisha. Waislamu, muulizeni shehe, mna kikomo chenu cha kuusia theluthi ya mali.

Ndugu zangu, nawapenda, ndiyo maana nafoka. Tangu serikali ihamie Dodoma, ekari tulizolima uwele zinapimwa viwanja, na dalali anafika msibani kabla ya padri. Lakini ukitaja wosia kwenye mkutano wa kijiji, unaambiwa unajitakia kifo.

RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanahifadhi wosia. Ukiubadili, peleka mpya. Jumapili baada ya misa tunamchangia mjane wa marehemu nauli ya mahakamani. Njooni na chochote.

Mzee mwenzenu